Vidonge vya Chilumba

Jamani, leo nimewafokea wapangaji wangu. Nihukumuni nyie.

Ni wale Wamakonde sita wa chumba cha uani, wachukuzi wa hapa Kariakoo, waliovuka Ruvuma kumkimbia Mreno.

Juzi mmoja wao, Chilumba, kashikwa na homa ya mapafu. Nikampeleka dispensari mwenyewe. Dresa akampa vidonge: vimalizwe vyote.

Nikawaambia wenzake hivyo hivyo.

Leo asubuhi nawauliza, "Vidonge vipi?"

"Vimekwisha, mama."

Alhamdulillahi! Nikaingia kumtazama.

Anawaka moto, hata hanijui.

"Kwani kameza vingapi?"

"Viwili. Na sisi kila mtu viwili."

Hapo ndipo nilipofoka. Mna akili nyie? Nani kawaambia dawa inagawanywa?

Watu hawa wanakula sinia moja. Kitu kizuri kikiingia chumbani humo, hakuna anayekila peke yake. Na mimi, kweli, nilisema vimalizwe. Sikusema na nani.

Adhuhuri Chilumba kafariki.

Nimekaa ukumbini nalia, mkubwa wao kaja na kikaratasi kilichokunjwa.

"Mama, usitukasirikie. Vyako viwili tulikuwekea."