Nilivyompa Mwende Sehemu ya Mwizi

Kosa ni langu, jamani, na sitasema shetani alinipitia. Siku hiyo alikuwa na shughuli zake.

Hapa Mukuyuni mimi ndiye mama wa maigizo kanisani. Vijana waliniletea mchezo wao: mchongaji anachonga wasichana wawili wa mti, nao wanapata uhai. Mmoja amepigwa msasa na kupakwa polishi mpaka anang'aa. Mwingine ameachwa na alama za patasi. Yule mrembo anaiba mbuzi wote wa mzee mchongaji, huyu mwingine anabaki kumtunza.

Nikaugeuza: mwenye alama ndiye aibe, mrembo ndiye abaki. Mrembo awe mwizi? Watu watachanganyikiwa, niliwaambia. Na mimi ni binti wa mchongaji! Nimekua nikiona polishi ya viatu ikifunika nyufa, na mteja akilipa huku anatabasamu.

Sasa nani acheze mwizi? Nikamchagua Mwende, binti wa dada yangu, ambaye uji wa moto ulimchoma shavu akiwa mdogo.

"Auntie, si kwa story yetu huyu ndiye mzuri?" akaniuliza.

"Watu wakiona tu sura watashika haraka," nikamjibu, bila haya.

Siku ya mchezo watu walicheka mpaka machozi. Pasta akanipongeza, nikaringa wiki nzima.

Mwende ndiye aliyekuwa akifundisha watoto shule ya Jumapili. Jumapili iliyofuata walikataa kuingia darasani. Kasichana kamoja, kalikozoea kulala mapajani mwake, kalijificha nyuma ya sketi yangu.

"Huyo ni mwizi wa mbuzi," kakaninong'oneza.

Nikawaeleza ulikuwa mchezo tu. Wakazidi kurudi nyuma. Nilikuwa nimeshawafundisha, na nilifundisha vizuri mno.

Mwende akaacha darasa. Nilienda kumwomba msamaha na kuku mkononi. Alinipokea vizuri, akanipikia chai.

"Nimekusamehe, auntie," akasema. "Lakini hao watoto walikuwa wananiita tu teacher. Hakuna hata mmoja alikuwa ameniuliza juu ya hii shavu."

Huyu mtoto nilimbeba mgongoni, na aibu niliyomvisha siwezi kumvua.

Nyinyi mnaotunga hadithi za watu wa kuchongwa, wa chuma, wa kompyuta, sijui wa nini: kabla hamjampa mtu ubaya, jiulizeni mmeuona wapi. Mimi niliuona kwa shavu.

Siku hizi darasa hilo nalifundisha mimi. Watoto wananipenda sana. Wanasema nina sura nzuri.