Kiti cha Lameki

Kokushubila aliolewa kijijini Ijumbi akitokea Kanazi, na kitu cha kwanza alichofundishwa na mama mkwe wake kilikuwa kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Nyoya, enchoncho, entobe, kila mgomba na tabia yake. "Ugonjwa ukiingia," bibi yule alisema, "utaua migomba hii, ile itatulisha." Bibi akafa, mume akafuata, ugonjwa ukaja kweli, na watoto hawakulala njaa.

Kwa hiyo mwaka ule wa vijiji vya ujamaa, halmashauri ya chama cha wakulima ilipotaka wanachama wote wang'oe migomba ya zamani wapande aina moja tu, yenye mikungu mikubwa, alichemka. Bahati nzuri alikuwa mjumbe. Alikalia kiti cha Lameki, mkorofi aliyebisha mpaka wakamtoa, wakamweka yeye wakimdhani mpole.

Halmashauri ile, jamani! Kila mjumbe aliyeondoka alijichagulia mrithi, na nani atamchagua wa kumpinga? Mwaka hadi mwaka waliingia wanaokubali, wakatolewa wanaouliza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawa walikuwa wamenyolewa kwa wembe mmoja. Siku ya mkutano, mchana kweupe, Kokushubila aliwaona wakikohoa pamoja. Wakakunja nne pamoja. Hata kope zilishuka kwa pamoja.

Kabla ya kura, mwenyekiti Ishengoma alipitisha kikapu cha akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna ambayo Mhaya akipewa hakatai.

"Pokea, mama," alisema kwa upole. "Umoja ni nguvu."

"Waitu mwenyekiti, nina neno kwanza, kuhusu vibanja."

"Utalisema. Tafuna kwanza."

Akatafuna. Kusema na kahawa mdomoni ni kukosa adabu, na kuitema mbele ya wazee ni kuwatukana. Sasa alielewa kwa nini Lameki, siku waliyomtoa, alikikataa kikapu. Taya zote mle chumbani zilisaga kwa mwendo mmoja. Alijaribu kuharakisha ili amalize, akashindwa. Taya yake ilikuwa imeshashika mwendo wao. Aliogopa, tena aliogopa sana.

"Wanaokubali?" aliuliza Ishengoma.

Mikono ikainuka. Kokushubila alijipongeza kimoyomoyo kwamba wake haumo, akawafikiria wajukuu na kibanja chao. Halafu akainamisha macho aitazame mikono yake mapajani, akaukuta mmoja tu.