Mzee Wendell na Mlango wa Bibi Harusi

Jikoni kwetu Temple Hills, gitaa lilisikika kabla chapati ya kwanza haijageuzwa. Lilitoka upande wa pili wa ukuta, kwa Mzee Wendell, na mdundo wake ulimfanya mama asukume chapati kwa kasi kuliko alivyotaka. Nilikuwa na miaka tisa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na kwa maoni yangu hakukuwa na jirani bora katika Maryland nzima. Mama, aliyefanya kazi ya kuwahudumia wazee, alimpelekea chapati mbili kila Jumamosi, nami ndiye niliyetumwa. Nilimkuta mlangoni, mwembamba, nywele amezipaka mafuta na kuzichana nyuma kama kijana anayekwenda dansi.

Ukitaka habari zake, ulimwacha amalize chapati ya kwanza. Ujanani alitunga na kuimba rokabili, ule muziki wa vijana wa Kusini uliochanganya roki na kantri, akatoa santuri moja. Redio zilianza kuipiga. Yeye akaanza kunywa. Aligombana na waliomrekodi, akakosa basi la ziara ambayo ingempa jina, bendi ikamkimbia. Kisha jioni moja, katika baa huko Virginia, alisahau ubeti wa pili wa wimbo wake mwenyewe, watu wakamzomea hadi mlangoni. Pombe aliiacha, akawa fundi wa kutandika mazulia, lakini tangu siku ile hakuwahi kuimba mbele ya watu. Mbele yangu je? Alisema mimi si watu, mimi ni jirani. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nilidhani na ya Mzee Wendell yamekwisha hivyo.

Kisha mama mdogo Nyambura, mdogo wake mama, akapata mchumba: Elisante, Mtanzania aliyekuwa akisoma Fairfax. Kwetu, bwana harusi akija kumchukua mkewe hukuta mlango umefungwa. Wanawake hukaa ndani, na watu wake sharti waimbe nje mpaka wanawake waridhike. Ni mchezo, tangu dunia iumbwe mlango huo haujakosa kufunguliwa, ila raha yake ni kujifanya hautafunguliwa. Asubuhi ya harusi, Nyambura akisubiri ndani kwetu, nilitumwa ngazini kuchungulia magari, nikazubaa, nikafungiwa nje pamoja na Elisante na rafiki zake watatu. Waimbaji wao hodari walikuwa wameshikwa na zamu kazini. Hawa waliobaki waliimba pambio moja, kila mtu na njia yake.

“Hatujasikia kitu!” mama alipaza sauti kutoka ndani. “Mnapractice ama mnaimba?”

“Shemeji, tunaomba radhi, tunaanza upya,” Elisante alijibu kwa upole wa kwao, na wanawake wakaangua kicheko.

Mzee Wendell alifungua mlango wake, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuburuta kuna nini. Nikamweleza: wasipoimba vizuri, hawafunguliwi. Hakucheka. Alimtazama Elisante alivyolowa jasho ndani ya suti, akasema polepole, “Wanamnyima mke kwa sababu hajui kuimba?” Nilipaswa kumwambia ni mchezo. Sikumwambia. Nilitaka aimbe, basi.

Alirudi ndani, nikadhani amejifungia. Akatoka na gitaa. Aliuanza wimbo wa santuri yake, wa gari lililogoma kuwaka siku ya kumpeleka msichana dansi, na kiitikio chake ni kulibembeleza gari liwake. Wale vijana walikidaka mara moja, wakakigeuza kwa Kiswahili: “Waka!” Sakafu ikatikisika. Ndani, hata mama aliacha kuwakejeli. Ukafika ubeti wa pili. Mzee akafungua kinywa, halikutoka neno. Uso ukamwiva, akautazama mlango wake. Nilitamani ardhi inimeze, maana ni mimi niliyemponza. Lakini watu wetu hawajui kwamba wimbo unaweza kukatika. Mwimbaji akinyamaza, sisi hudhani ametuachia zamu. “Waka!” wakapokea kwa nguvu, na tena “Waka!”, mara nne, mara tano, Elisante akicheza na suti yake, mpaka ubeti ukamrudia mzee, akauimba macho kayafumba, huku akicheka. Vigelegele vilipasuka. Mlango ukafunguliwa, na mama akamkumbatia yeye kabla ya bwana harusi.

Tangu hapo alialikwa kila harusi ya watu wetu, hata za Beltsville, ingawa redio hazikumkumbuka tena. Siku hizi wimbo wa mlangoni hutoka kwenye simu, hakuna anayetoka jasho, na mlango hufunguliwa upesi kwa kuwa mpiga picha ana haraka. Mimi ni muuguzi sasa, na kazi yangu hunidai ukweli hata unapouma. Lakini siku ile, tukila pilau, Mzee Wendell aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, “Niambie kweli. Nisingetoka, wangefungua?”

Nilimtazama usoni. “Hata kidogo,” nikasema. Uongo ule sijautubu mpaka leo.