Roketi ya Nta

Juzi nilipanga foleni nje ya ofisi moja hapa Tabora. Mbele yangu alisimama mwalimu wa shule ya Chemchem, ameshika kwa mikono miwili roketi ndogo ya karatasi ngumu, mfano wa zile zinazokwenda mwezini. Vipande alitumiwa na kaka yake aliyeko masomoni Ulaya, akaviunganisha mwenyewe. Alitaka kibali cha kuionyesha darasani.

"Gundi umepata wapi, mwalimu?" nikamuuliza, maana madukani hakuna.

"Nimetumia nta ya nyuki, ya kutoka Ipole."

Karani akatoka, akatuambia mkubwa yuko mkutanoni, tusubiri. Jua likapanda. Mwalimu akavua kofia, akaifunika roketi. Saa saba tukaitwa. Alipoiweka mezani, bawa moja likadondoka, kisha la pili, na pua ikalala ubavu.

"Hii ni nini?" mkubwa akauliza.

"Asubuhi ilikuwa roketi, ndugu."

"Basi itengeneze, uilete wiki ijayo."

Mwalimu akaokota mabawa yake, akashukuru. Nikasogea mimi na barua yangu, ninayoizungusha maofisini kwa mwezi wa tatu sasa. Karatasi haiyeyuki juani. Nadhani ndiyo maana hawana haraka nayo.