Chumvi Yangu ya Ndimu na Majivu

Leo nimeharibu maharagwe ya bibi kwa kemia.

Chumvi iliisha. Kuomba kwa jirani naona haya, mnanijua.

Nikakumbuka darasani: asidi ikikutana na besi, chumvi hutokea. Nikakamua ndimu kwenye maji ya majivu, yale tunayolainishia maharagwe.

Yakatoa povu! Nikafurahi peke yangu, nikamimina yote chunguni.

Masaa manne ya kuchochea kuni…

Maharagwe bado mawe. Ndimu iliua nguvu ya majivu, na chumvi yenyewe haikukolea.

Bibi ana meno matatu. Alitafuna haragwe moja, akalitema mkononi.

“Mjukuu, miaka yote wewe iko shule, hakuna mwalimu alifundisha wewe kuomba chumvi?”

Nimechoka. Kubisha hodi bado siwezi, kwa hiyo naandika hapa: jirani, una chumvi? Bibi hajala.