Mkanda wa Ngozi kwenye Ukingo wa Feri

Siku tulipolipandisha gari la baba kwenye ukingo wa feri ya Garsen nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba yetu; dada yangu anayenifuata; wadogo zetu wawili, waliokatazwa kusogea karibu na injini na wakasogea; mjomba wetu, kaka yake mama, ambaye ni fundi; baba mkubwa, aliyetoka Chara na kanzu yake safi; mfugaji mmoja wa Kiorma, sahibu wa nyumba yetu tangu enzi za baba; mama muuza uji; na wavuta kamba wa feri, walioacha kamba ili watazame. Wengine wote wanaosema walikuwepo, walisimuliwa.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, dogo, limekatwa nyuma na kuwekwa mbao ili libebe mizigo. Baba alipofariki, na mama akamfuata kabla ya masika mengine, niliacha shule nikashika usukani. Nilichukua ndizi na mpunga kwenye mashamba ya mtoni nikavipeleka kwenye maduka ya ng'ambo. Tulikula kwa gari lile. Lakini ule ukingo wa feri ulikuwa umesimama kama ukuta, na gari likiwa na mzigo mzima lilifika katikati, likatetemeka, likaanza kurudi nyuma. Ilibidi tushushe magunia tuyapandishe kwa vichwa. Wenye maduka wakachoka kusubiri, wakaanza kutafuta watu wengine.

Ndipo baba mkubwa akaja na neno lake. Gari liuzwe. Mdogo wetu mmoja aende naye Chara, mwingine kwa shangazi huko Kipini, dada aolewe, na mimi nijitafutie. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watoto wengi na mashamba yaliyokuwa yakimegwa na mto, na bado alikuwa tayari kuongeza sahani.

Nilimwomba jambo moja. "Baba, likipanda na mzigo mzima bila kusukumwa, utatuacha pamoja?"

Alinitazama sana. "Likipanda kwa macho yangu, sisemi tena."

Mjomba alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya jeshi wakati wa vita. Alitoka Malindi na mashine ndani ya gunia, nzito kama jiwe la kusagia, iliyong'olewa kwenye ndege iliyotupwa. Huko angani ilikuwa ikiwapulizia hewa marubani. Yeye aliiita bloa. Siku hizi vijana wanasema turbo, na hiyo yao huzungushwa na moshi wa injini; yetu ilizungushwa na mkanda, lakini kazi ni moja.

"Moto wa mafigani ukizimazima unafanya nini?" alimwuliza dada.

"Napuliza."

"Basi na hili tunalipulizia."

Aliifunga ubavuni mwa injini kwa vyuma alivyovikunja mwenyewe. Mkanda aliokuja nao ulikuwa mkuukuu, ukakatika tulipojaribu mara ya kwanza. Barabara ya Malindi ilikuwa imefunikwa na maji, kwa hiyo mkanda mwingine haukupatikana. Baba mkubwa naye alikwisha kufika kushuhudia.

Nilikwenda kwa sahibu wetu, yule mfugaji, nikamweleza. Akatoa ukanda wa ngozi ya fahali, ule wa kuvutia ndoo kisimani. Nikamwuliza bei.

"Sahibu hauzi," alisema. "Lakini kiangazi ng'ombe yangu akija mtoni, mimi nataka malka."

Malka ni njia ya ng'ombe kushuka kunywa maji kati ya mashamba. Ile ya upande wetu tulikuwa tumeipanda migomba mpaka ikapotea. Nilimwahidi kwamba nitaifungua, na baba mkubwa, niliyekwenda naye, alikuwa anasikia.

Asubuhi mfugaji aliuleta ukanda umefungwa kwenye kitambaa, unang'aa. Tukausifu sote, hata mjomba. Akauzungusha kwenye puli, mfugaji akaushona ncha kwa sindano yake ya ngozi. Tukapakia mpunga mpaka springi zikalala. Nikaingia gia ya kwanza.

Tuliondoka vizuri. Kisha chini ya boneti kukatoka mlio kama wa mbuzi aliyebanwa mlangoni, na harufu ya nyama. Gari likafika pale pale pa siku zote, likasimama. Wadogo zangu wakakimbia kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

"Ee dereva!" mvuta kamba mmoja alipaza sauti. "Unaendesha au unachoma mishikaki?"

Mjomba alifungua boneti, akaugusa mkanda, akanusa kidole. "Samli!"

"Ndiyo," mfugaji akasema kwa fahari. "Mimi napaka vizuri. Laini kama mdomo ya ndama."

Ukanda wa kisimani usipopakwa mafuta hukauka ukapasuka. Ndivyo alivyofunzwa na baba yake, na alikuwa ametupatia ule alioutunza kuliko zote. Lakini kwenye puli uliteleza tu, bloa haikuzunguka. Mjomba alipomweleza, yule mtu alishika kichwa. "Mimi naharibu nyumba ya rafiki yangu," alisema.

Baba mkubwa hakucheka. Alitazama maji, na mkono wake ulikuwa begani mwa mdogo wetu wa mwisho, kama mtu anayejizoesha kumchukua. Nililiona jambo hilo.

Dada ndiye aliyeondoka. Alikwenda mekoni kwa mama muuza uji akarudi na majivu kwenye kifuu. "Sufuria yenye mafuta tunaisugua kwa nini?" alituuliza, kwa hasira, kana kwamba tulikuwa wajinga, na tulikuwa. Alisugua ule ukanda mpaka ukageuka kijivu. Kisha mjomba akaomba ubani, na mfugaji akafungua pindo la shuka yake akatoa donge. Waliuyeyusha wakaupaka ndani ya ukanda ili unate. Mfugaji akaufupisha, akaushona upya, akivuta uzi kwa meno.

"Sasa ukiteleza," alimwambia mvuta kamba, "wewe nakufunga pale badala yake."

Injini ilipowaka mara ya pili, bloa ilitoa sauti nyembamba iliyopanda pamoja na mguu wangu. Nilisikia nguvu ikija chini ya kiti. Tulipita pale katikati. Sikutazama pembeni mpaka nilipoona mapaa ya maduka.

Baba mkubwa alipanda kwa miguu, polepole, kanzu ikiwa na tope. Akamwachia mdogo wetu mkono.

"Kaeni pamoja," alisema. "Lakini siku likikwama, nitumie mtu. Si aibu."

Wiki ile ile mimi na dada tulikata migomba, mingine ikiwa na mikungu michanga, tukafungua njia mpaka majini. Kiangazi kile sahibu wetu hakuja. Mvua ilinyesha bara, akahamia pande za Nanighi, mbali juu ya mto, na sikumwona tena. Wanawe hupita mara moja moja, huleta salamu na kusema baba yao anaulizia njia yake. Wadogo zangu wamekua, wananung'unika kwamba pale ndipo penye udongo mzuri. Kila msimu wa kupanda nawaonyesha mpaka wa malka. Mtu akituuliza kwa nini hapalimwi, tunamjibu kwamba tunamngojea mwenyewe na ng'ombe wake.