Sekunde Thelathini za Anyitike

Anyitike hakuwa mtu mbaya, hakuwa na salamu tu. Wazazi wake kule Tukuyu walimlea vizuri, akainama mbele ya wakubwa kama wenzake, lakini mahali fulani kati ya chuo na kompyuta adabu hiyo ilimdondoka, wala hakurudi kuiokota. Akiingia dukani kwa Imtiaz asubuhi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Waya mwekundu uko wapi?"

Imtiaz, aliyeuza mizani mjini Dodoma kama baba yake, alimvumilia kwa sababu ya kazi moja. Walikuwa wakitengeneza mizani ya wakulima wa zabibu: mkulima anaweka tenga, uzito unaingia wenyewe kwenye simu yake kwa bluetooth, hakuna kubishana. Ndani ya mizani kulikuwa na kompyuta ndogo ya Linux, saizi ya kiberiti, na kuiwekea bluetooth kulimla Anyitike miezi minne. Programu zake hukaa tabaka juu ya tabaka: ya chini inaiamsha redio, ya kati inazipokea simu zinazobisha hodi, ya juu inatuma uzito. Moja ikinuna, zote zinanuna. Alizibembeleza kwa upole ambao hata mama yake mzazi hakuwahi kuupata.

Dukani mizani ikakubali. Kwenye kituo cha kupimia zabibu cha Zuzu ikagoma. "Simu haziioni," Mama Paulina, mpimaji wa pale, alipiga simu kila siku kulalamika. Anyitike alikwenda mara tatu. Aliingia, akabonyeza kitufe, akatoa simu yake, ikaunganika papo hapo. Akaondoka. Ikagoma tena.

"Isipokubali mpaka Ijumaa," alisema Imtiaz, "naagiza za nje, na wewe unarudi kwenye printa."

Anyitike aliogopa kweli. Miaka sita alikuwa akifungua printa za maofisini na kuchomoa pini zilizokwama. Mizani ile ndiyo kitu pekee alichowahi kukiunda mwenyewe.

Alhamisi alifika Zuzu amechoka, hata hamu ya kuigusa mizani hana. Akajikalia pembeni kwenye kreti. Mzee Batholomeo akatokea na tenga lake la zabibu. Mama Paulina, asiyependa kuchelewesha watu, akabonyeza kitufe mzee akiwa bado mlangoni. Taa ya bluu ikaanza kupepesa.

"Mbukwenyi!" mzee akasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa!" akaitikia Mama Paulina. "Za huko?"

"Nzuri. Watoto?"

"Wapo. Na mama mkwe, mguu wake?"

"Afadhali, ila baridi ndiyo inamsumbua."

Wakaumaliza mguu, wakaingia kwenye mvua, wakapitia msiba wa Msalato. Anyitike aliikodolea macho taa. Ikapepesa, ikapepesa, ikazima. Hapo ndipo mzee akatoa simu mfukoni.

"Haionekani," akasema.

Sekunde thelathini! Alikuwa ameziandika yeye mwenyewe, kwa ajili ya usalama, ili mizani ijifiche mtu akichelewa. Wiki tatu nzima alikuwa akiisingizia redio ya watu.

"Mama," akauliza, "mbona hukuniambia kwamba mnasalimiana kwanza?"

Mama Paulina alimtazama kutoka utosini hadi kwenye viatu. "Mwanangu, hii ni mara ya nne unakuja hapa. Umewahi kuniamkia?"

Aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka. Akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba! Hujambo? Wazazi hawajambo? Wako wapi vile?"

Alijibu yote, mpaka habari za ndizi za Tukuyu, na moyo wake ukalainika kwa namna ambayo hakuitegemea. Lakini fundi ni fundi: jicho moja lilikuwa kwenye saa. Dakika tatu na sekunde arobaini. Akafungua kompyuta, akafuta thelathini, akaandika mia tatu. Mama Paulina akabonyeza kitufe, akamuuliza tena Mzee Batholomeo kuhusu ule mguu, kwa kirefu, kisha mzee akatoa simu. Uzito ukaingia.

Ijumaa asubuhi Imtiaz alikuwa akifuta vumbi kaunta. Anyitike akaingia, akasimama mbele yake, mikono kifuani.

"Asalaam aleikum, bosi. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

Kitambaa kikamdondoka Imtiaz.

"Ya Allah," akasema. "Mizani imeungua?"